Aliita Mara Tatu

Kwa Bibi yangu mpendwa, mke wangu wa kwanza na mpinzani wangu wa kudumu,

Shikamoo. Ninangoja uitikie kwanza ndipo niendelee. Haya, asante, nimekusikia hadi huku.

U hali gani, Bibi? Magoti yanasemaje? Na lile jino lako la mbele, bado limesimama peke yake kama mlinzi aliyesahauliwa zamu? Siku ninaondoka nililiaga kwa heshima, sijui kama lilinisikia. Mimi ni mzima wa afya, nakula nashiba, nalala nakoroma, na wenzangu wa chumbani wanadai ukuta wa upande wangu umeanza kupata ufa. Wanaoniulizia waambie niko salama. Wasioniulizia waambie mara mbili.

Sasa kaa vizuri, maana unasomewa barua ya mtu mkubwa. Kuanzia leo ujue kwamba mimi, mjukuu wako niliyeachana na shule kwa makubaliano ya pande zote mbili, ndiye mwanamume mwenye sauti kubwa kuliko wote waliowahi kuzaliwa, walio hai na waliokwisha kuzikwa. Siku moja nilipiga chafya hapa kiwandani, mwendesha msumeno akazima mashine akidhani mkanda umekatika. Nikimwita muuza chai wa ng'ambo ya barabara wanakuja watatu, na wawili kati yao ni wa mtaa mwingine. Ndiyo maana hapa hakuna anayelijua jina langu, wananiita Spika tu. Na kwa sauti hiyohiyo, Bibi, nimefanya jambo ambalo wanao wote na ndugu zako wote wameshindwa kwa miaka sabini. Nimeumaliza ugomvi wa baba yako na mwenzake wa shimoni. Mimi, peke yangu, bila msuluhishi wala hakimu. Watu wa shimoni wamesalimu amri. Wamekubali kwamba aliita.

Huamini? Basi mtazame huyo mama aliyekuletea barua hii. Yeye ni binti wa mwisho wa Mtu wa Shimoni mwenyewe, aliyezaliwa miaka mingi baada ya yale mambo. Usishtuke, na usijaribu kuinuka, nayajua magoti hayo. Mpe kiti chenye mgongo, maana safari ni ndefu na amekuja kwa hiari yake. Amekuja kukushika mkono na kukuomba radhi.

Na wewe msomaji, mdogo wangu wewe, sikiliza. Utaisoma barua hii kwa sauti, neno kwa neno, mgeni akiwa amekaa hapohapo. Usimruhusu aende jikoni kusaidia vyombo. Usimeze maneno ukidhani yana aibu. Na usichungulie ukurasa wa mwisho, nakujua, wewe hata kitabu cha hesabu ulikuwa unaanzia nyuma kwenye majibu. Ukichungulia, nikirudi nitawaeleza wenzako wa darasani ni nani aliyelia kwa sababu ya kuku.

Mama mgeni wetu, nakuomba uvumilivu. Nitaisimulia kwanza kama sisi tulivyolelewa nayo.

Baba yake Bibi kwetu tunamwita Babu Msumeno. Yeye na mwenzake walikuwa wapasuaji mbao wa zamani, wa kabla ya mashine. Gogo linalazwa juu ya shimo refu kuliko mtu, mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, na msumeno mmoja mrefu unapita kati yao, huyu anavuta juu, yule anavuta chini. Wa juu anapata upepo. Wa chini anapata unga wa mbao machoni, puani, mdomoni, hadi jioni anakohoa vumbi. Kwa hiyo walikubaliana kubadilishana, gogo moja juu, gogo moja chini. Halafu ikafika siku Babu akapanda juu, na lilipokwisha gogo lile hakushuka. Sisi tunaambiwa kwamba alikuwa na jicho zuri la kufuata mstari, na kwamba mwenzake alikuwa mvivu na mwenye kijicho. Mwenzake akampiga na mpini wa msumeno, meno mawili ya juu yakaenda. Babu akamjibu kwa mnyororo wa kuburutia magogo, akamvunja mfupa wa bega. Kibanda cha mmoja kikaungua, halafu cha mwingine. Na kituko chenyewe, Bibi, unachokisimulia vizuri kuliko mtu yeyote, ni kwamba muda wote huo waliendelea na kazi pamoja, kwa sababu msumeno ulikuwa mmoja na haukubali mtu mmoja. Asubuhi wanapasua mbao, jioni wanapasuana wao.

Kisha siku ya gogo. Ulikuwa na miaka minane, umetumwa kupeleka maji. Babu alikuwa juu, analisukuma gogo jipya kulileta shimoni, na mwenzake alikuwa bado ndani anazoa unga wa mbao. Babu akaita, "Toka!" Yule akampa mgongo. Akaita tena. Akaita mara ya tatu. Kiburi kikamziba masikio, gogo likaingia, mguu ukabaki chini yake. Hapo ndipo wewe unaposhika masikio yako yote mawili, unayavuta, na kusema kwamba ulikuwepo, kwamba aliita mara tatu, kwamba uliyasikia kwa masikio haya. Na sisi watoto, chumba kizima, tunapiga kelele, "Toka! Toka! Toka!" hadi vikombe vinacheza kabatini. Mimi nilikuwa nawashinda wote. Sauti yangu ilifanyiwa mazoezi pale, kwenye mkeka wako. Na mtu asiposikia anapoitwa kula, au akizubaa, tunamwita mtu wa shimoni. Nilikuwa mkubwa kabisa ndipo nilipojua kwamba nyumba nyingine hazina msemo huo.

Nisamehe, mama. Nimeandika kama ilivyo. Endelea, msomaji.

Kiwanda chetu kina ua mpana, magogo yamerundikwa upande mmoja, msumeno wa mashine upande wa pili chini ya paa la bati. Kutoka kwenye rundo hadi kwenye kitoroli cha msumeno imelazwa miti miwili, na gogo linateleza juu yake. Mmoja anakaa juu ya rundo na mtaimbo, analing'oa gogo lianze kushuka. Mwingine anakaa chini, anaweka kabari ili gogo lisipitilize. Sheria ni maneno mawili tu. Wa juu anaita, "Inashuka!" Wa chini, akiwa ameshakaa pembeni, anaitikia, "Ishuke!" Kabla hujalisikia hilo la pili, mtaimbo wako ni fimbo ya kutembelea, hutakiwi kuugusisha gogo.

Niliyemkuta hapo juu alikuwa mtu wa miaka kama thelathini, mpole, anayeongea maneno kama anayachomoa kwenye mfuko wenye kitobo akiogopa yataisha. Wanamwita Kimya. Siku yangu ya kwanza nilifika na ndala. Nyapara alicheka, akasema nirudi nikiwa na viatu. Kimya hakucheka. Alikwenda kwenye kisanduku chake akatoa jozi ya buti zenye chuma mbele, akanirushia. Nilidhani ni za akiba. Baada ya wiki moja nikagundua kwamba za akiba alizivaa yeye, zile zilizoacha mdomo wazi mbele kama zinataka kuomba maji. Alinipa nzuri. Akanifundisha kulisoma gogo, wapi lina fundo, wapi litapasuka, upande gani litaviringika ukiligusa. Yote niliyoyajua ya kazi hii alinifundisha yeye, ingawa nimekuwa nikiwaambia watu kwamba nilizaliwa nayo.

Halafu Nyapara akaisikia sauti yangu. Akasema sauti inayoishinda mashine isipotee bure pale chini, ipande juu. Nikapandishwa, Kimya akashushwa kwenye kabari. Niliuliza kama tutakuwa tunabadilishana. Nyapara akasema tutaona. Kimya akasema haina neno. Mimi nikasema basi, na sikuuliza tena. Kule juu kuna upepo mzuri, Bibi.

Siku moja wakati wa chakula watu walikuwa wanajisifia wazee wao. Mwendesha msumeno akasema babu yake alikimbizana na chui. Ningekaa kimya mimi? Nilipanda juu ya gogo nikawapa Babu Msumeno mzima mzima. Nikaigiza mpini, nikaigiza mnyororo, nikamweka Nyapara awe shimo. Nilipofika kwenye "Toka!" ya tatu, muuza chai aliingia uani mbio kujua nani kaumia. Watu waligalagala. Kimya peke yake hakucheka. Alingoja watulie, akaniuliza kama huyo babu yangu alikosa meno mawili ya juu. Nilikuwa nimesema mpini tu, habari ya meno sikuigusa.

Akatueleza polepole, kwa maneno yake machache. Kwao babu wa upande wa mama alitembea na mkongojo miaka thelathini hadi anakufa. Kwao hakuna Babu Msumeno, kuna Mtu wa Juu. Mtu wa Juu alipanda na kukataa kushuka. Na siku ya gogo, kwao wanavyosema, Mtu wa Juu hakuita. Mzee wao alikuwa ameinama anazoa unga, akaona kivuli kinaingia shimoni, akadhani ni wingu.

Unajua mtu mwenye akili angefanya nini hapo. Angeshuka kwenye gogo, angemshika mkono, angesema kaka, dunia ndogo. Mimi nilipaza sauti nikasema basi nimempata Mtu wa Shimoni, na kumbe bado ni mbishi! Uani kote kukawa sherehe. Wakajigawa, hawa wa juu, hawa wa chini. Na mimi kila asubuhi nikifika langoni namwita Kimya, "Mtu wa shimoni, toka!" Akivaa buti zake zilizoachama, "Toka!" Akienda chooni, "Toka!" Karibu mwezi mzima. Alikuwa anatikisa kichwa tu na kutabasamu upande mmoja wa mdomo.

Ikaja ile Jumatano. Tulikuwa tumemaliza kula, Kimya anakikunja kitambaa chake cha chakula pembe kwa pembe kama kawaida yake. Nikamtupia "Toka!" yangu. Akaniangalia, akasema taratibu, wala hakupaza, kwamba sasa amejua sauti yangu imetoka wapi. Ile sauti ambayo babu yangu hakuitumia siku ile ndiyo niliyorithi mimi, na ndiyo maana ni kubwa, bado mpya.

Bibi! Watu walikufa kwa kicheko. Nyapara alijishikilia ukutani. Mwendesha msumeno, ambaye hacheki hata akitekenywa, alifuta machozi na glavu. Na jina langu likabadilika pale pale. Spika likafa, nikawa Bado Mpya. Muuza chai akija ananiuliza, Bado Mpya, chai ya rangi au ya maziwa? Mlinzi wa langoni, Bado Mpya, kwaheri. Mimi niliyemtania kila mtu hadi mbwa wa kiwanda, neno moja la mtu mpole likanivua nguo mchana kweupe. Sikula jioni ile. Kilichoniuma hasa hakikuwa kicheko. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilijiuliza kama ilikuwa kweli, na nikamchukia Kimya kwa kunifanya nijiulize.

Alhamisi, saa nne hivi za asubuhi, mashine inanguruma. Mimi juu na mtaimbo. Kimya chini, ameinama, anaitengeneza kabari iliyokaa vibaya, mgongo umenielekea. Gogo likashuka. Wakati watu wanamfikia alikuwa amekaa kwenye unga wa mbao, anautazama mguu wake kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike kidogo. Ule mguu, Bibi, sitauandika. Buti ilikuwa imeachama zaidi.

Nyapara aliniuliza mbele ya wote kama niliita. Nikamwambia niliita. Akauliza mara ngapi. Nikajibu mara tatu. Sijui jibu lile lilitoka wapi, lilitoka lenyewe, limepangika, kama salamu. Nikaona hadi mkono wangu unapanda kwenye sikio. Akamuuliza mwendesha msumeno kama alisikia. Yule akasema kwa mashine ile hasikii hata mawazo yake, lakini Spika akikaa juu anaita, hajawahi kutoita, na sauti ile nani asiisikie? Nikawa Spika tena, unaona. Jina langu lilirudi kwa siku ile. Meneja akaandika kwamba aliyekuwa chini alikaa mahali pasiporuhusiwa na hakuitikia alipoitwa mara tatu, kosa ni lake, na akipona kazi hapa basi. Akanipa kalamu. Unajua mwandiko wangu ulivyo. Siku ile sahihi ilitoka nzuri, ya kuwekwa kwenye fremu.

Nilikaa siku tano bila kwenda hospitali. Nilisema kazi ni nyingi. Siku ya sita nikaenda saa ya kuwaona wagonjwa. Kitanda chake ni cha tatu kutoka mlangoni, mguu umeinuliwa juu umefungwa vyuma, na daktari anasema wangoje, huenda ukabaki, huenda usibaki. Nilikuwa nimeandaa utani wa kuingilia. Yeye ndiye aliyeanza. Akaniambia anataka kuniuliza kitu kimoja, niseme tu, ataniamini. Je, niliita? Kwa sababu yeye hakusikia. Lakini mashine ilikuwa inanguruma, na kabari ilikuwa imemchosha akili, na amelala pale siku sita akijaribu kukumbuka, na hakumbuki.

Nikamwambia niliita.

Akafumba macho. Halafu akasema basi huenda wamemwonea mtu. Kama yeye mwenye masikio mazima, na mimi mwenye sauti ile, niliita asisikie, basi mzee wao shimoni, na unga wa mbao masikioni, huenda aliitwa naye asisikie. Miaka yote hii kwao wamemwita babu yangu muuaji. Akasema akimaliza kupona atakwenda kuwaambia. Kisha akanishika mkono, Bibi, akaniomba radhi kwa lile neno la bado mpya.

Mama yake alifika kesho yake. Mgeni wetu, nilikuwa nimesimama dirishani, unakumbuka. Uliingia, hukumsalimia mtu, ukafunua shuka kwanza. Nilijua unaangalia nini. Ulikuwa unaangalia ni mguu upi, kama ni ule wa baba yako. Ulipouona ukakaa chini sakafuni, na benchi lipo. Baadaye mwanao akakueleza alichonieleza mimi. Wewe uliyekuwa unabeba mkongojo wa baba yako ukiwa mtoto, ulisikiliza hadi mwisho, ukasema kwamba kama ndivyo basi kuna mwanamke mzee mahali fulani aliyetukanwa kwa baba yake maisha yake yote, na hutakufa bila kumwomba radhi. Ukaniuliza kwenu ni wapi. Nikakuelekeza. Ukaniuliza kama nina mzigo wa kupeleka nyumbani. Nikasema nina barua, nitaileta kesho.

Ndiyo hii. Nimeiandika nimekaa juu ya mbao, mchana, wenzangu wanakula. Nilikusudia iwe fupi, salamu na majivuno, na ile habari kwamba tumeshinda. Ona nilipofika. Nilianza kwa majivuno kwa sababu sijui mlango mwingine wa kuingilia nyumbani.

Bibi, kabla sijafunga nina swali, na naliuliza kwa adabu zote ulizonichapia. Ulikuwa na miaka minane, na maji kichwani. Je, ulimsikia? Au jioni ile uliambiwa kwamba ulimsikia, ukaambiwa tena kesho yake, hadi ukaanza kumsikia? Sikulaumu. Mimi nina miaka ishirini na miwili, na ilinichukua siku tatu tu. Siku ya tatu baada ya ajali nilikuwa naisikia sauti yangu ikiita, wazi kabisa, hadi mwangwi wake kwenye bati. Ningeapa. Ningevuta masikio yote mawili mbele ya watoto. Kama ulimsikia kweli, mwambie mgeni, ni haki ya baba yako. Kama hukumsikia, hata hilo mwambie. Ila asikuombe radhi kabla ya kusomewa hadi mwisho. Nakusihi. Mshike mkono asiseme kwanza.

Sasa niwasalimie watu. Nisalimie wajomba wote, waambie mkeka wa katikati ni wangu bado. Nisalimie majirani wa upande wa kisima, hata yule anayenidai salamu tangu mwaka juzi. Nisalimie jino. Msomaji, umesoma vizuri, nakushukuru, na habari ya kuku itakufa na mimi. Imebaki mistari michache. Simama uisome umesimama.

Mama, shikamoo. Sitarajii uitikie. Nitakukabidhi barua hii mkononi, nitakubebea mfuko hadi kwenye gari, utaniita mwanangu, na mdomo huu wote utashindwa. Kwa hiyo nakupa uibebe wewe mwenyewe, na hilo nalo ni la kuombwa radhi, kumwachia mtoto wa shule asome nisichoweza kusema. Kesho saa ya kuwaona wagonjwa nitakwenda kitanda cha tatu, nimwambie Kimya kwa mdomo wangu, halafu kwa meneja. Ukirudi utanikuta hapo, na nikiwa sipo, ujue nimekimbia, na una haki ya kupaza sauti mtaa mzima. Nilitaka kumshtua Kimya tu. Nilitaka aruke pembeni, watu wacheke, nipate jina langu. Nilichagua gogo dogo, na dogo likaondoka na kubwa lililolilalia, ingawa yeye mwenyewe alinifundisha kulisoma gogo na nilijua lingeweza kuondoka nalo. Nilimwona ameinama. Nilikuwa na pumzi kifuani, nimeshaivuta, mdomo umeshafunguka. Nikaufunga.

Alikuwa hatua sita kutoka kwangu, amevaa buti mbovu kwa sababu zile nzuri nilikuwa nimezivaa mimi.

Sikuita, mama. Hata mara moja.

Ni mimi mjukuu wa nyumba hiyo,
Spika